Uzi wa Szeged: protini ya msuli wa sungura iliyofumbua siri ya seli

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika maabara ya mji wa Szeged, kusini mwa Hungaria, mwanakemia Ilona Banga aliona jambo lililomshangaza. Alikuwa amesaga msuli wa sungura na kuuloweka katika maji ya chumvi. Msuli uliolowekwa kwa dakika 20 ulitoa majimaji mepesi. Ule uliolala humo usiku kucha ulitoa ute mzito. Nyama ni ileile na chumvi ni ileile. Kilichozidi ni muda tu.

Mkuu wa maabara hiyo, Albert Szent-Györgyi, alikuwa tayari na jina. Mwaka 1937 alitunukiwa Tuzo ya Nobel, na sehemu ya sifa yake ilitokana na kukamua vitamini C kwa wingi kutoka kwenye pilipili nyekundu za Szeged. Baada ya tuzo aliziacha vitamini akageukia msuli. Alitaka kujua kitu kilicho hai hujongeaje.

Yaliyojulikana hadi hapo yalikuwa machache. Mwaka 1864 Mjerumani Wilhelm Kühne alitoa protini kwenye msuli wa chura akaiita miosini. Mwaka 1939, huko Moscow, Vladimir Engelhardt na mkewe Militsa Lyubimova walionyesha kwamba miosini huvunja ATP, ile kemikali inayobeba nishati ndani ya mwili.

Wana-Szeged wakajaribu kuutia ATP ule ute mzito. Ukawa mwepesi papo hapo. Kisha wakauvuta kuwa nyuzi nyembamba, wakazitia ATP, na nyuzi zikajikunyata mbele ya macho yao. Hapakuwa na mnyama wala neva, ila protini ndani ya chombo cha kioo, nayo inajongea. Uzeeni Szent-Györgyi bado aliikumbuka siku hiyo kuwa miongoni mwa siku zilizomsisimua kuliko zote maishani.

Fumbo la ute lilifumbuliwa mwaka 1942 na kijana wa maabara hiyo, Brunó Straub. Kuloweka usiku kucha kulitoa protini ya pili iliyong'ang'ania ndani ya msuli. Kwa kuwa iliiamsha miosini, ikapewa jina la aktini.

Wakati huo Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto. Mwaka 1943 Szent-Györgyi alikwenda Istanbul kwa kisingizio cha kutoa mhadhara, kumbe alibeba ujumbe wa siri kwa Washirika. Siri ilipovuja, ikabidi aishi mafichoni akisakwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Taarifa za Szeged ziliwafikia wanasayansi wengi wa Magharibi baada ya bunduki kunyamaza.

Kutoka msulini hadi kila mahali

Mwaka 1954 timu mbili, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson, zilitoa jibu moja katika toleo moja la jarida la Nature. Akina Huxley hao wawili hawakuwa ndugu. Jibu lao ni kwamba nyuzi za aktini na za miosini hazifupiki. Hupishana kwa kuteleza, na msuli mzima ndio unaofupika.

Hadi hapo aktini ilihesabiwa kuwa mali ya msuli. Mwaka 1966 Wajapani Sadashi Hatano na Fumio Oosawa waliitoa kwenye kiumbe cha manjano chenye ute kinachotambaa juu ya magogo yanayooza, kisicho na msuli hata mmoja. Mwaka 1969, nchini Marekani, Harunori Ishikawa na wenzake walitia vipande vya miosini ndani ya seli za aina mbalimbali. Chini ya hadubini ya elektroni, nyuzi za seli hizo zikajipamba kwa vichwa vya mishale, alama inayoonyesha kwamba ni aktini.

Seli iliyodhaniwa kuwa kifuko cha ute kumbe ina kiunzi. Tena kiunzi hiki hakitulii. Seli inapotambaa, vipande vya aktini huungwa upande wa mbele na kusukuma utando wa seli, huku vya nyuma vikifunguliwa ili vitumike tena. Ni kama fundi mwenye nguzo chache, anayeng'oa za nyuma ili asimike mbele.

Utando unapochanika

Utando wenyewe ni mafuta ya tabaka mbili, kama Waholanzi Evert Gorter na François Grendel walivyopendekeza mwaka 1925. Kitu chembamba hivyo huchanika. Kabla ya vita, Mmarekani Lewis Heilbrunn alipasua mayai ya mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miiba ambayo wavuvi huogopa kuikanyaga. Palipokuwa na kalsiamu, yai lilijiziba. Bila kalsiamu, vya ndani vilimwagika vyote.

Sababu ilionekana mwaka 1994, Richard Steinhardt na wenzake walipoonyesha kwamba kalsiamu inayoingia kupitia tundu ndiyo king'ora. Vifuko vidogo vya ndani hukimbilia utandoni na kuungana nao. Maji ya bahari yanayohatarisha seli ndiyo pia yanayoleta habari ya ajali.

Hapo ndipo uzi wa Szeged unaporudi. Mwaka 1999 William Bement na wenzake walitoboa mayai ya chura, wakaona aktini na miosini zikijipanga pete kuzunguka jeraha, kisha pete ikakazwa kama kamba ya suruali hadi tundu likafumba. Protini zilezile zinazoinua mkono zilikuwa zikishona utando.

Mwaka 2003 mzunguko ulirejea msulini. Timu ya Kevin Campbell ilionyesha kwamba misuli ya panya isiyo na protini ya disferlini hushindwa kuziba utando wake ipasavyo. Watu wenye hitilafu katika jeni ya protini hiyo hudhoofika misuli polepole, mara nyingi kuanzia ujanani. Msuli huchanika kwa kutumika tu, kwa kupanda ngazi au kubeba ndoo, na wenye afya hujishona bila mwenyewe kujua. Kwao wale wagonjwa, mshono hauji kwa wakati.