Jembe, Nyumba na Waziri Aliyeangushwa Mwanza

Malalamiko dhidi ya wabunge nchini Tanzania hayajabadilika sana: mheshimiwa huonekana wakati wa kampeni, kisha jimbo humsikia redioni. Wengi hujipa moyo kwamba watamwadhibu baada ya miaka mitano, kana kwamba uamuzi huanzia kwenye sanduku la kura. Lakini huanzia mapema zaidi, majina yanapochujwa. Mwaka 1960 chama cha TANU kilitwaa viti 70 kati ya 71 vya Tanganyika, na katika majimbo 58 wagombea wake walipita bila kupingwa. Chama kilipendwa kweli, hilo halina ubishi. Hata hivyo, wapigakura wa majimbo hayo hawakupata nafasi ya kusema kama walimtaka mtu huyu au yule.

Kasoro hiyo ilishughulikiwa mwaka 1965, tena, ajabu kidogo, ndani ya mfumo wa chama kimoja. Mkutano wa wilaya wa TANU uliwapigia kura waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenzake nyumba. Walisimama jukwaa moja, katika mikutano iliyoandaliwa na chama, wakizungumza Kiswahili tu, na walikatazwa kuchochea ukabila, dini au rangi. Fedha za mgombea hazikuwa na pa kutumika. Kwa kuwa wote wawili walikuwa wa TANU, sera ya chama haikuwa na la kuwatenganisha. Kilichobaki mezani ni mtu mwenyewe na alichokifanya. Wabunge wengi walianguka. Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwasisi mashuhuri wa ushirika wa pamba, aliangushwa Mwanza.

Ni kweli kwamba kura ile isingeweza kuiondoa serikali, na kwamba Halmashauri Kuu ndiyo iliyoshika chujio. Bomani mwenyewe alirudi katika baraza la mawaziri, safari hii akishika mipango ya maendeleo. Sitetei chama kimoja. Ninachosema ni kwamba vyama vingi vilivyorudi mwaka 1992 havikulivunja chujio lile, vimeliongezea idadi tu. Katiba bado inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na adhaminiwe nacho, ingawa Juni 2013 Mahakama ya Afrika, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, iliona kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Hivyo mwananchi anayechukia siasa, asiye na kadi ya chama chochote, asiyejua kura za maoni za kata yake zinafanyika lini wala wajumbe wake ni akina nani, hukutana na karatasi ya kura ambayo wengine wameshaijaza nusu. Wajumbe hao kwa kawaida ni majirani zake, na hakuna kinachomzuia kuwauliza, au kuchukua kadi na kugombea nafasi yao.