Ubadilishaji wa vipimo katika modeli za treni za mvuke

Ubadilishaji wa vipimo katika modeli za treni za mvuke ni utaratibu wa kutumia malighafi za milimita pale ambapo mchoro unataja inchi. Hutokea sana kwa michoro ya zamani ya Uingereza, nchi iliyoanza kuhamia mfumo wa metriki mwaka 1965.

Inchi 1 ni mm 25.4. Bati la fremu la inchi 1/8 (mm 3.175) kwa kawaida huachia nafasi bati la mm 3, na ekseli ya inchi 1/2 (mm 12.7) ile ya mm 12. Sehemu zinazoingiliana, kama ekseli na bushi zake, hubadilishwa pamoja. Umbali kati ya magurudumu ya ekseli moja haubadilishwi, kwa kuwa hutegemea upana wa njia ya reli.

Skrubu za 0BA (za mfumo wa zamani wa Uingereza) na M6 (za metriki) zina kipenyo cha mm 6 na nyuzi zilizoachana mm 1, lakini pembe ya nyuzi ni 47.5° kwa ya kwanza na 60° kwa ya pili, hivyo hazichanganywi.

Boila huhitaji tahadhari zaidi. Shaba nyekundu ya geji 13 (mm 2.34) hubadilishwa kwa ya mm 2.5, kwani bati jembamba hupunguza uwezo wa kuhimili shinikizo.