Jinsia na Kitenzi cha Ndoa katika Tamthilia ya Kamĩrĩĩthũ

Mchezo wa Ngaahika Ndeenda umejadiliwa sana kwa upande wa matabaka. Makala haya yanautazama kwa upande wa jinsia, yakianzia katika jina lake.

Mchezo huo, uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wakulima na wafanyakazi, wake kwa waume, wakasahihisha maneno na nyimbo zake. Serikali iliufutia kibali tarehe 16 Novemba mwaka huo huo.

Kitenzi hika cha Kikuyu humhusu mwanamke aingiapo katika ndoa. Kiingereza kinatumia kitenzi kimoja kwa mume na mke, hivyo tafsiri yake imeupoteza ubainifu huo. Tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda (1982), imeuhifadhi, ila imezidisha jambo: hika hakina umbo la kutendwa, ilhali olewa kinalo. Hiari inayotajwa katika jina sasa ni hiari ya mtendwa.

Hata hivyo, mkinzano huo unaafiki masaibu ya Gathoni, bintiye Kĩgũũnda, aliyeachwa na John Muhuuni, mwana wa tajiri, baada ya kupata mimba. Kupenda alipenda, kuamua aliamuliwa. Wanawake wa kijiji walipoyaigiza hayo mbele ya jirani zao, walilihoji jukwaani jambo ambalo sarufi hulipitisha kimya: ni nani mtenda katika ndoa? Yafaa wafasiri wetu nao walizingatie swali hilo.