Moyo Uliohamia Nairobi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na watafiti waliokuwa wakiwafuata vijana waliotoka ushago, upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria, na kuja Nairobi kutafuta maisha. Walikuwa Waluo, wanaume kwa wanawake, wenye umri wa miaka 15 hadi 34. Kijana akishafika mjini, watafiti walijitahidi kumpata mapema iwezekanavyo. Walimpima presha na uzito, wakachukua mkojo wake, wakamhesabia mapigo ya moyo. Kisha walirudi kumpima tena na tena, hadi miaka miwili. Kule nyumbani, wenzake waliobaki kijijini walipimwa vivyo hivyo. Wahamiaji walikuwa 325, waliobaki 267.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la BMJ, mwandishi wa kwanza akiwa daktari Neil Poulter. Presha ya waliohamia ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na haikungoja uzee ndipo ipande. Ilianza mapema, kijana bado anajifunza njia za mtaa. Mkojo ulionyesha kwamba chumvi imeongezeka mwilini na potasiamu, ile ya mboga na matunda, imepungua. Uzito nao ulipanda. Na kuna jambo moja ambalo watu hulisahau wakisimulia utafiti huu: mioyo ya wahamiaji ilikuwa inapiga haraka zaidi. Mtu amekaa tu, hajakimbizwa na kanjo, lakini moyo unadunda kama mwenye safari.

Kwa nini mtu ajisumbue kuhesabu mapigo ya kijana mzima asiye na ugonjwa? Jibu lilichukua zaidi ya miaka elfu mbili.

Karibu miaka 300 kabla ya Kristo, huko Alexandria, Misri, daktari Herophilus alipima mapigo kwa saa ya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1600, Mwitaliano Santorio Santorio alitumia uzi wenye kitu kizito mwishoni. Aliuacha ubembee, akiurefusha au kuufupisha mpaka bembea ilingane na mapigo ya mgonjwa. Kwa hivyo jibu lake lilikuwa urefu wa uzi. Hesabu ya kwa dakika, kama tunayoijua sisi, ilipata nguvu mwaka 1707, wakati Mwingereza John Floyer alipochapisha kitabu kuhusu saa yake ya mapigo. Saa nyingi za wakati ule hazikuwa na mshale wa sekunde, basi akatengenezewa moja inayokwenda dakika moja kamili.

Floyer angeweza kukwambia moyo wako umepiga mara 80. Asingeweza kukwambia 80 hiyo ina maana gani miaka thelathini baadaye. Kwa kazi hiyo saa haitoshi. Unahitaji watu wengi wasio wagonjwa, uwapime, uandike, halafu usubiri. Usubiri kweli kweli.

Kusubiri huko kulianza kwa bidii baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham, Massachusetts, Marekani, watu 5,209 waliandikishwa, wakawa wanaitwa kupimwa kila baada ya miaka miwili. Ni mwaka 1987 ndipo William Kannel na wenzake walipotoa hesabu ya mapigo kwa miaka 30: kadiri moyo wa mtu ulivyopiga haraka akiwa ametulia, ndivyo uwezekano wa kufa mapema ulivyoongezeka.

Waingereza walikuwa wameukaribia ukweli huo kwa njia nyingine, na hii kila abiria wa matatu ataielewa. Mwaka 1953, Jerry Morris wa London aliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa. Mshahara haukutofautiana sana, mtaa ni uleule, moshi ni uleule. Lakini dereva alikaa siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na walioupata, uliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi. Morris hakuwa anahesabu mapigo, ila sababu zinakutana. Moyo uliozoea kazi husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hivyo ukipumzika hauhitaji kupiga mara nyingi.

Halafu kuna Paris. Kati ya 1967 na 1972, wanaume 5,713 waliokuwa kazini, wa miaka 42 hadi 53, walipimwa wakiwa hawana dalili yoyote ya ugonjwa wa moyo. Walifuatiliwa kwa miaka 23. Mwaka 2005 matokeo yalionyesha kwamba wale ambao moyo wao ulizidi mapigo 75 kwa dakika wakiwa wamepumzika walikuwa na hatari ya kufa ghafla kwa mshtuko wa moyo karibu mara nne ya wale ambao mioyo yao ilipiga polepole zaidi. Usishtuke bado. Kati ya watu wote hao, waliokufa ghafla kwa miaka 23 walikuwa 81. Ukizidisha hatari ndogo mara nne, bado inaweza kubaki ndogo. Namba hizi husema mengi kuhusu umati, na machache kuhusu wewe.

Sasa swali la kijanja: ikiwa mapigo ya haraka ni hatari, si tuyapunguze kwa dawa, tumalizane? Lilijaribiwa. Dawa iitwayo ivabradine hupunguza kasi ya moyo bila kugusa mambo mengine mengi. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya jaribio la SIGNIFY, lenye wagonjwa 19,102 ambao mishipa ya moyo yao ilikuwa na shida lakini moyo haujashindwa kazi. Mapigo yalishuka, kama kumi hivi kwa dakika. Vifo na mishtuko ya moyo havikupungua. Kwa wagonjwa ambao moyo umeanza kushindwa kazi, dawa hiyohiyo iliwahi kusaidia, lakini kwa hawa, la.

Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa ndipo penye fundisho. Kwa wengi wetu mapigo ni shahidi zaidi kuliko mshtakiwa. Yanashuhudia unachokula, unavyolala, unavyovuta sigara, unakaa saa ngapi kitini, na jinsi neva zinazouandaa mwili kwa hatari zinavyokataa kulala hata baada ya hatari kupita. Ukimnyamazisha shahidi, kesi bado ipo.

Ndiyo maana narudi kwa wale vijana 325. Watafiti walichunguza pia kama waliohamia walikuwa tayari tofauti na wenzao kabla ya kupanda basi. Hilo halikueleza tofauti waliyoiona. Kilichobadilika ni maisha: chakula chenye chumvi nyingi, uzito, na huenda ule wasiwasi wa mji. Kwa hivyo mtu akikwambia "punguza stress" huku kodi inadaiwa, unalipwa kwa siku, na chakula unachoweza kumudu karibu na steji ni chipsi na smokie, anamlaumu shahidi. Mapigo ya mtu mmoja ni habari yake. Mapigo ya vijana mamia yakipanda pamoja ni habari ya mji.

Hata hivyo namba yako ni yako, ijue. Asubuhi kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili chini ya kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono, uhesabu dakika nzima. Kwa mtu mzima, kati ya 60 na 100 huhesabiwa kuwa kawaida, na wanariadha hushuka chini ya hapo. Homa, kahawa, upungufu wa damu au tezi ya shingo vinaweza kuipandisha. Ikikaa juu ya 100 siku baada ya siku, nenda ukaonwe. Zaidi ya yote, iandike. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2011 uliwapima watu mara mbili, miaka kumi katikati, ukakuta kwamba waliokuwa chini ya 70 kisha wakavuka 85 walikuwa katika hatari kubwa kuliko wale waliobaki chini ya 70. Namba moja haisimulii mengi kama safari yake.

Yule aliyepimwa akiwa na miaka 15 leo anakaribia 60. Wenye 34 wamepita 70. Wengi wetu ni watoto wa watu walioshuka basi Nairobi miaka hiyo, wakakaa, wakalipa kodi, wakatusomesha. Hakuna aliyewahesabia mapigo. Jumapili ukienda kuwasalimia, kabla ya chai, omba mkono wa mama kwa dakika moja.