Nani Aliyempa Muumba Tarehe?

Kwenye Barabara ya Kawawa, Kinondoni, kuna majirani wawili ambao mtu angedhani hawawezi kukaa mtaa mmoja. Wa kwanza ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako Dk. Noorali Jiwaji, mhadhiri wa fizikia, amekuwa kwa miaka mingi akiwaeleza Watanzania habari za nyota, sayari na kupatwa kwa jua. Wa pili ni viwanja vya Biafra, ambako vipaza sauti vya mikutano ya injili vikishafungwa, habari za Mungu aliyeziumba mbingu na nchi huwafikia hata abiria walioko kwenye daladala. Temeke nako, viwanja vya Mwembe Yanga vinafanya kazi hiyo hiyo. Kati ya majirani hawa hupita msikilizaji ambaye ameshaaminishwa kwamba lazima achague: ama ulimwengu una miaka bilioni 13.8 na Mungu hayupo, ama Mungu yupo na dunia haijatimiza hata miaka elfu kumi. Hoja ya makala hii ni kwamba chaguo hilo ni la juzi juzi, tena limetoka mbali. Imani ya Kikristo juu ya Muumba ilipoandikwa kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza haikuwa na tarehe. Tarehe ina historia yake na wenyewe wake, na ndiyo inayogombana na fizikia. Muumba hana ugomvi nayo.

Tuanzie Mombasa. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, alifika huko mwaka 1844, na ilipofika Juni ya mwaka huo alikuwa ameshaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwezi uliofuata alimzika mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga, lakini hakuiacha kazi. Aliyemsaidia lugha hakuwa mwongofu wake, maana hakuwa naye hata mmoja. Alikuwa kadhi wa Mombasa, mtu wa Barawa. Mmisionari na kadhi wakakaa pamoja juu ya sura ya uumbaji, na mwaka 1847 sura tatu za kwanza za Mwanzo zikachapwa katika jarida la kitaalamu huko Marekani. Yafaa kulitazama jambo hili vizuri. Wawili hao walikuwa na mengi ya kubishania: Utatu, msalaba, utume wa Muhammad. Kwamba mbingu na nchi zina Muumba haikuwa mojawapo. Bara nako, kabla ya msalaba na kabla ya msikiti, watu walikuwa wakimtaja aliyevifanya vitu vyote. Wamisionari walipambana na mizimu na ndoa za mitala, lakini hawakulazimika kumpigania Muumba. Na katika aya zile za kwanza, ambazo kadhi alizisikiliza bila shaka kwa sikio la mtu anayezijua habari zenyewe, hakuna mwaka hata mmoja.

Mwaka ulipatikana kwa hesabu. Sura ya 5 na ya 11 za Mwanzo zinaorodhesha vizazi na umri wa mababu, na mwaka 1650 James Ussher, askofu mkuu wa Armagh huko Ireland, alivijumlisha, akavioanisha na historia za Wababeli, Waajemi na Warumi, akafikia kwamba uumbaji ulianza usiku wa kuamkia tarehe 23 Oktoba mwaka 4004 kabla ya Kristo. Leo watu humcheka, jambo ambalo si haki, kwani alikuwa msomi makini aliyetumia ushahidi wote uliokuwapo wakati wake. Kosa lilifanywa na wachapaji. Kuanzia mwaka 1701 tarehe zake ziliwekwa pembeni mwa kurasa za Biblia za Kiingereza, na msomaji wa kawaida akazichukulia kama sehemu ya maandiko.

Katika kanisa la kale si wote waliozisoma siku za Mwanzo kama siku za kawaida. Augustino wa Hipo, Mwafrika wa pwani ya kaskazini, aliandika kitabu kizima juu ya Mwanzo mwanzoni mwa karne ya 5. Aliona kwamba jua linatokea siku ya nne tu, kwa hiyo siku tatu za mwanzo haziwezi kuwa siku za mawio na machweo. Akasema Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na akawaonya Wakristo wasijitie aibu mbele ya wasioamini kwa kusema upuuzi kuhusu nyota huku wakidai wanafafanua Maandiko. Hoja za dunia changa zinazosikika leo zina ukoo mwingine kabisa. Mzee wake mmoja ni George McCready Price, Msabato wa Amerika Kaskazini aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha jiolojia mwaka 1923. Kisha wakaja John Whitcomb na Henry Morris, ambao kitabu chao juu ya gharika ya Nuhu kilitoka mwaka 1961 na kuzaa kizazi kizima cha vijitabu na mikanda ya video. Ni mwaka huo huo wa uhuru wa Tanganyika ambapo majivu ya volkano ya Olduvai, yaliyolifunika fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Julai 17, 1959, yalipimwa na kupewa umri wa miaka milioni 1.75. Mume wake, Louis, alikuwa mtoto wa wamisionari wa Kabete. Fuvu hilo sasa ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwendo mfupi kwa daladala kutoka Biafra.

Sasa tuingie kwenye ulimwengu wenyewe, maana hapa historia inawageuka wote wanaodhani sayansi ya mwanzo wa ulimwengu ilibuniwa ili kumfukuza Mungu. Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, mwaka 1894. Alipigana Vita ya Kwanza ya Dunia katika kikosi cha mizinga, akapewa upadri mwaka 1923, akasoma Cambridge na Marekani, kisha akarudi kufundisha Louvain. Mwaka 1927 alichapisha makala iliyoonyesha kwamba kanuni za Einstein, zikisomwa pamoja na vipimo vya mwendo wa galaksi, zinadai ulimwengu unaotanuka. Einstein alimwambia kwamba hesabu yake haina kasoro lakini fizikia yake haikubaliki. Baadaye Einstein ndiye aliyebadili msimamo.

Mei 1931 Lemaître alipiga hatua nyingine katika barua fupi kwa jarida la Nature: kama ulimwengu unatanuka, basi zamani sana ulikuwa umebanana, na tukizidi kurudi nyuma tunafika kwenye kitu kimoja, mithili ya atomu ya kwanza. Mswada wa barua hiyo uliopigwa taipu bado upo Louvain, na mwisho wake una aya moja inayomtaja Mungu, kwamba wanaomwamini Mungu aliyefichika wanaweza kufurahi kuona fizikia ikiweka pazia juu ya uumbaji. Aya hiyo imekatwa kwa kalamu. Aliyeiandika ndiye aliyeikata. Hakuna dalili kwamba alikuwa ameanza kutilia shaka imani yake, maana alibaki padri mpaka kufa. Alijua tu kwamba aya ile haikuwa sehemu ya hesabu, na kwamba mahali pake si katika jarida la sayansi. Kwa maoni yangu mstari ule wa kalamu una thamani kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa tangu hapo kuhusu dini na sayansi.

Miaka 20 baadaye bosi wake mkuu hakuwa na subira kama yake. Novemba 22, 1951, Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwahutubia wajumbe wa Chuo cha Sayansi cha Kipapa na kudokeza kwamba sayansi imeanza kushuhudia ile saa ambapo Muumba alitamka na nuru ikawako. Umati ungeshangilia, na hata leo wapo wahubiri wanaoitumia hoja hiyo kana kwamba ni mpya. Lemaître hakufurahi. Wakati ule nadharia yake ilikuwa bado inabishaniwa vikali, na Fred Hoyle, Mwingereza aliyeibandika jina la mlipuko mkubwa akiwa redioni mwaka 1949, alikuwa na nadharia shindani ya ulimwengu usio na mwanzo. Kama imani ingefungwa kwenye nadharia ya Lemaître, ushindi wa Hoyle ungekuwa msiba wa imani.

Hoyle hakushinda. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson, wanafalaki wa mawimbi ya redio huko New Jersey, walitangaza kwamba antena yao ilikuwa ikinasa mvumo hafifu kutoka kila upande wa anga, ambao hawakuweza kuuondoa hata baada ya kusafisha kinyesi cha njiwa. Ulikuwa mnururisho uliosalia tangu ulimwengu ulipokuwa moto sana, ambao sasa umepoa hadi kiasi cha nyuzi 2.7 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Lemaître aliipata habari hiyo Juni 1966, siku chache kabla ya kufa. Yeyote aliyekuwa na televisheni ya chogo Tandika au Mwananyamala kabla mitambo ya analojia haijazimwa Dar es Salaam, Desemba 31, 2012, ameuona mnururisho huo bila kuambiwa: katika zile chenga za chaneli isiyo na matangazo, takribani moja kwa mia ilitoka huko. Pwani yetu ilishiriki hata katika uchunguzi wa anga uliofuata. Desemba 12, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Waliipa jina Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi yenye moto mkali, na iliyowapa wataalamu sababu ya kuamini kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi.

Mpinzani wa kwanza atasema nadharia hubadilika: leo mlipuko, kesho jingine, Neno la Mungu ni lile lile. Nusu ya maneno haya ni kweli. Wanafalaki wenyewe wanakiri kwamba sehemu kubwa ya ulimwengu, kama asilimia 95, ni maada na nishati ambazo hawazifahamu, na vipimo vyao vya kasi ya kutanuka bado havikubaliani. Ila kinachobadilika ni maelezo ya sehemu za mwanzo kabisa na za mbali kabisa. Kutanuka kwenyewe, mnururisho uliobaki, na robo ya maada ya kawaida kuwa heliamu kama hesabu inavyotaka, ni mambo ambayo nadharia yoyote ijayo italazimika kuyabeba. Na mabishano yaliyobaki ya umri yanahusu bilioni moja au mbili. Hakuna maabara inayobishana kati ya bilioni na elfu sita.

Mpinzani wa pili ni mzito zaidi, naye hukaa hasa upande wa Wasabato, ambao walianza kazi yao nchini mwaka 1903 huko Upare na ambao mwaka 2015 kanisa lao duniani lilithibitisha imani ya siku sita halisi za hivi karibuni. Kama siku si siku, anauliza, Sabato inasimama juu ya nini? Swali ni la haki na jibu lipo ndani ya Biblia yenyewe. Kutoka 20 inaijenga Sabato juu ya uumbaji, lakini Kumbukumbu la Torati 5 inaitoa amri ile ile na kuijenga juu ya kutolewa Misri. Amri yenye nguzo mbili haianguki kwa sababu nguzo moja imesomwa kama Augustino alivyoisoma. Swali la Adamu na asili ya kifo ni gumu kuliko hili, na sidhani limepata jibu la kuridhisha. Lakini hilo ni deni la mifupa ya Olduvai, wala galaksi hazihusiki nalo.

Upande wa pili anasimama anayesema kwamba fizikia ikishaeleza, Muumba hana kazi. Stephen Hawking na James Hartle mwaka 1983 walipendekeza ulimwengu usio na ukingo wa mwanzo, na Hawking akauliza hadharani Muumba atakaa wapi. Swali hilo lilishajibiwa karne ya 13. Thomas wa Akwino aliamini kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo, ila alishikilia kwamba akili pekee haiwezi kulithibitisha hilo, na kwamba hata ulimwengu usio na mwanzo ungehitaji Muumba, kwa kuwa kuumbwa ni kutegemea kuwepo kwako kwa mwingine kila dakika, uwe umeanza lini au hujaanza kabisa. Mkana Mungu ana haki ya kulikataa wazo hilo. Alikatae kwa hoja za falsafa basi, maana darubini haina pa kulielekea.

Gharama ya msimamo huu inamwangukia pia mwamini. Muumba asiyeng'olewa na kipimo hathibitishwi na kipimo, kwa hiyo mhubiri anapoteza ile raha ya kutangaza kwamba wanasayansi wameshasalimu amri. Lemaître alikuwa tayari kuilipa. Mwaka 1952, akiwa safarini kwenda Afrika Kusini, alipitia Roma na kuzungumza na Padri Daniel O'Connell, mkuu wa kituo cha falaki cha Vatican, juu ya hotuba ile ya Papa. Septemba hiyo wanafalaki wa dunia walikutana Roma, na Papa Pius akawahutubia. Aliwasifu kwa darubini zao na kwa maarifa yaliyokuwa yakiongezeka, na ile hoja ya mwaka uliotangulia, kwamba fizikia inamshuhudia Muumba, hakuirudia.