Kachumbari na homoni: inasaidia wapi, inaishia wapi

Wasikilizaji wetu wengi, hasa akina mama na akina dada, wametuuliza swali moja: ni kweli kwamba ukila karoti mbichi au kachumbari kila siku homoni zinakaa sawa? Ujumbe wa namna hiyo unazunguka sana kwenye simu. Wapo wanaousoma wakiwa wanatafuta mtoto, na wapo ambao hedhi zao zimevurugika.

Jibu fupi ni hili: kachumbari ni chakula kizuri na inausaidia mwili kushughulika na homoni. Lakini ni chakula, si dawa. Na kwa sisi wa Mwakitolyo na maeneo mengine ya machimbo ya Shinyanga na Geita, kuna mambo mawili ya kuangalia kabla mboga mbichi haijafika mdomoni: maji na zebaki.

Homoni ni nini?

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kusafiri kwenye damu zikibeba maagizo. Insulini inatoka kwenye kongosho na inashughulika na sukari. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni inatoa homoni zinazoongoza kasi ya mwili kutumia chakula. Kwa mwanamke, estrojeni na projesteroni zinaongoza hedhi na ujauzito. Mwanaume naye ana zake, kubwa ikiwa testosteroni. Kwa hiyo mtu akisema "nina tatizo la homoni", bado hajasema ni homoni ipi. Ndiyo maana hakuna chakula kimoja kinachoweza kuzirekebisha zote.

Mboga mbichi inafanya nini mwilini?

Karoti, kabichi, nyanya na kitunguu zina nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga ikaisha. Estrojeni ikishamaliza kazi yake, ini huifungasha na kuimwaga utumbo kupitia nyongo. Sehemu yake hutoka na choo, na sehemu nyingine hunyonywa tena na kurudi kwenye damu. Nyuzinyuzi zikiwepo za kutosha, choo hakikawii tumboni na estrojeni nyingi zaidi hutoka.

Jambo hili limepimwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1982 ulilinganisha wanawake wasiokula nyama, ambao walikula nyuzinyuzi nyingi, na wale wanaokula kila kitu. Wale wa kwanza walitoa estrojeni nyingi zaidi kwenye choo kikubwa, na kwenye damu ilikuwa chini zaidi.

Lakini kuna upande wa pili, ambao ujumbe wa kwenye simu hausemi. Mwaka 2009, utafiti mwingine wa huko huko Marekani ulifuatilia wanawake wapatao 250. Waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikuwa na homoni za uzazi za chini zaidi, na mara nyingi zaidi mzunguko wao ulipita bila yai kupevuka. Kwa mwanamke anayetafuta ujauzito, basi, kujaza tumbo kwa mboga mbichi na kupunguza chakula kingine si njia ya kufuata. Kiasi ndicho kinachofaa.

Habari ya karoti peke yake ilienezwa zaidi na Raymond Peat, Mmarekani msomi wa biolojia, aliyeshauri watu wale karoti mbichi iliyotiwa siki, mafuta ya nazi na chumvi. Tafiti tulizozitaja hapo juu ni za nyuzinyuzi za vyakula kwa ujumla, siyo za karoti pekee. Maharage, mlenda, dona na njugu mawe vina nyuzinyuzi pia.

Faida nyingine iko kwenye insulini. Ukianza na mboga ndipo ufuatishe ugali au wali, sukari hupanda taratibu kwenye damu. Hilo linamsaidia mwenye kisukari, na pia mwanamke ambaye hedhi yake inaruka kwa sababu ya insulini na uzito kupita kiasi.

Nani anaihitaji zaidi?

Anayekula dona, maharage, mlenda na mboga za majani kila siku tayari anapata nyuzinyuzi nyingi, hata asipoonja kachumbari. Anayepungukiwa ni yule anayeshinda machimboni kwa sembe nyeupe, wali, chipsi, maandazi na soda. Huyo, akimwambia mama lishe amwongezee kachumbari na maharage, atakuwa amefanya jambo la maana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kachumbari inaweza kuwa sehemu ya hizo.

Kachumbari ya mtu mmoja

- Karoti moja, iliyomenywa na kukwaruzwa
- Kabichi iliyokatwa nyembamba, kiasi cha kujaza kiganja
- Nyanya moja
- Nusu kitunguu, kilichofikichwa kwa chumvi na kusuuzwa
- Ndimu nusu
- Kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti, au kipande cha parachichi
- Chumvi kidogo yenye madini joto

Usiache mafuta, kwa sababu mwili hauwezi kuchukua vizuri vitamini A ya karoti bila mafuta. Ndimu nayo ina vitamini C, inayousaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Hilo ni muhimu kwa mwanamke anayepoteza damu kila mwezi. Chai ya rangi inazuia madini hayo, hivyo isinywewe pamoja na chakula.

Maji kwanza

Mboga isiyopikwa haipiti kwenye moto, kwa hiyo vijidudu vilivyomo vinaingia tumboni vikiwa hai. Kipindupindu, homa ya matumbo, amiba, minyoo na mayai ya tegu wa nguruwe vyote vinaweza kuja na kachumbari. Mayai ya tegu huyo yakimezwa yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa.

Fanya hivi: nawa mikono kwa sabuni. Tupa majani ya nje ya kabichi na uyaachanishe yaliyobaki. Osha kila kitu kwa maji yaliyochemshwa yakatokota na kupoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Chumvi au siki pekee haitoshi kuua vijidudu. Kisu na ubao wa nyama mbichi visiguse kachumbari. Kisha iliwe mapema. Iliyokaa juani tangu asubuhi iache. Kama maji safi hayapo siku hiyo, pika mboga. Nyuzinyuzi haziishi kwa kupikwa.

Zebaki na bustani

Wachimbaji wadogo wengi bado wanakamatia dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma. Moshi wake unatua kwenye udongo na kwenye majani ya mboga, na maji ya kuoshea mchanga yanabeba iliyobaki. Zebaki inadhuru ubongo na figo, na inamfikia mtoto akiwa bado tumboni. Ndiyo sababu nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, ziliingia kwenye Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 ili kupunguza matumizi yake.

Kuosha kunaondoa vumbi lililo juu ya jani. Zebaki iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki kwa maji. Kwa hiyo usilime mboga karibu na makarasha au mahali pa kuchomea dhahabu, na usimwagilie bustani kwa maji ya kuoshea mchanga. Zebaki isichomwe nyumbani wala jikoni, na mama mjamzito akae mbali kabisa. Ukinunua mboga gulioni, muulize muuzaji imelimwa wapi.

Kabichi na goita

Wengine wanaogopa kabichi mbichi wakisikia inaleta goita. Kabichi, kama ilivyo mihogo, ina kemikali zinazoweza kuizuia thairoidi kutumia madini joto, hasa mtu akila nyingi sana huku madini hayo yakiwa machache mwilini. Anayekula kiasi cha kawaida na kutumia chumvi yenye madini joto hana sababu ya kuogopa. Mwenye ugonjwa wa thairoidi amuulize daktari wake.

Usisubiri kachumbari ikuponye

Nenda zahanati au kituo cha afya kama:

- hedhi imekosekana miezi mitatu na huna mimba;
- damu inatoka nyingi kupita kawaida, au inatoka baada ya kukoma hedhi;
- shingo imevimba;
- unakonda bila sababu, au una kiu na mkojo usioisha;
- mmetafuta mtoto mwaka mzima bila kupata, au miezi sita kama mwanamke amefika miaka 35.

Kwenye hilo la mwisho nendeni wote wawili, baba na mama. Mara nyingi mwanamke ndiye anayelaumiwa na kunyweshwa dawa za kusafisha kizazi, kumbe mume hajapimwa. Na kama ulikuwa unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ujue kwamba mimba inaweza kuchelewa hadi miezi kumi au zaidi tangu sindano ya mwisho. Huo si ugonjwa, na uzazi hurudi.

Hapo zahanati wakiona haja watakupa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga au Bugando, Mwanza. Kama umeandikiwa dawa, usiiache kwa sababu ya ujumbe wa kwenye simu. Kula kachumbari yako, na dawa uendelee nayo.