Kaburi la Vugizo Latuhusu Sisi Pia

Hapa Rusimbi tukitaja mnara wa historia, akili hukimbilia ule wa Livingstone kule Ujiji. Lakini ziwa letu lina kumbukumbu nyingine: kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, juu ya kilima cha Vugizo, Bujumbura.

Mtoto huyu wa Mwami Mwambutsa aliunda ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mwaka 1957. Waswahili wa Buyenzi, baadhi wenye asili ya Ujiji, wakawa nguzo yake mjini. Chama chake, UPRONA, kilikusanya Wahutu na Watutsi pamoja, na Septemba 1961 kikanyakua viti 58 kati ya 64. Wabelgiji hawakufurahi hata kidogo.

Tarehe 13 Oktoba, akiwa Waziri Mkuu mwenye umri wa miaka 29, alipigwa risasi hotelini kando ya ziwa hilihili. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, Kageorgis. Waliomtuma ni viongozi wa chama pinzani cha PDC.

Umoja ule haukupata mrithi. Mwaka 1972 Warundi kwa maelfu walikimbia mauaji, wengi wakaingia Kigoma. Waliowapokea ni wazee wetu.